Klachi ikianza kuteleza, uliza kwanza kuhusu oili

Ukifungua kava ya klachi ya pikipiki nyingi, unakutana na ngoma ya klachi ikiwa imelowa oili chapachapa. Ndani yake pleti zimepangwa kwa zamu: moja ya msuguano, yenye vipande vidogo vigumu vilivyogandishwa juu ya alumini, kisha moja ya chuma tupu, kisha ya msuguano tena, hivyo hadi mwisho, na springi zinazibana zote kwa pamoja. Oili inayozilowesha ndiyo hiyohiyo iliyotoka kulainisha pistoni na kamshafti, na ndiyo hiyohiyo inayopita kwenye meno ya gia. Nimekaa na pikipiki miaka mingi, kama fundi na kama mwendeshaji, na naamini kwamba mtu akilielewa jambo hili moja atajiepusha na sehemu kubwa ya matatizo ya klachi na giaboksi.

Gari la gia za mkono halina taabu hii. Klachi yake ni kavu, imekaa mbali na oili, na giaboksi ina oili yake peke yake. Kwa hiyo anayetengeneza oili ya injini ya gari yuko huru kupunguza msuguano kadiri awezavyo, maana kila msuguano unaopungua unaokoa mafuta. Kwenye pikipiki oili inatakiwa ilainishe pistoni, ivumilie kupondwa na meno ya gia, na papo hapo iziache pleti za klachi zishikane. Mahitaji hayo yanavutana, na anayechagua oili anachagua namna ya kuyapatanisha.

Kijana mmoja aliniletea pikipiki ya saizi ya 150 akiwa amekata tamaa nayo. Injini ilikuwa inalia bila kwenda. Kwenye tambarare ilikwenda vizuri tu, lakini akipanda mlima na abiria, akiwa gia ya nne, akivuta akseleta mlio unapanda na mwendo unabaki palepale.

"Nimeshaambiwa ninunue klachi nzima, fundi," akasema.

"Kabla hujanunua, mara ya mwisho uliweka oili gani?"

"Oili nzuri sana. Ya gari, ile ya gharama. Nilitaka niipe kitu bora."

Nilimwomba aniletee chupa. Alikuwa ameitunza, na hilo lilitusaidia. Upande wa nyuma kulikuwa na alama ya duara ya API, Taasisi ya Petroli ya Marekani. Alama hiyo ina sehemu tatu. Juu kuna daraja la ubora, kwa mfano SN iliyoanza mwaka 2010, au SP ya mwaka 2020. Katikati kuna namba ya uzito wa oili, na kwake ilikuwa 5W-30: namba ya kwanza ni ya oili ikiwa baridi, ya mwisho ni ya oili ikiwa ya moto. Ukingo wa chini wa duara ndio watu wengi hawausomi, na ndio ulioandikwa jibu letu: Resource Conserving. Kwenye chupa za zamani zaidi utakuta Energy Conserving. Maana yake ni kwamba oili hiyo imepimwa na kuonekana inapunguza matumizi ya mafuta, na kwa kawaida inafanya hivyo kwa msaada wa viambata, yaani kemikali zinazoongezwa kwenye oili, vinavyopunguza msuguano. Injini ya gari inavipenda. Klachi inayoogelea ndani ya oili hiyo inakosa mahali pa kushika.

Oili ile haikuwa feki wala mbovu. Ilikuwa oili bora iliyowekwa mahali pasipo pake. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu kila mara nasikia mtu akiulizia "oili nzuri" bila kusema nzuri kwa nini. Kijana yule alitumia fedha nyingi zaidi kuliko wenzake, kwa upendo wa kweli kwa chombo kinachomlisha, na ndiye aliyeunguza pleti.

Tuliimwaga ikiwa ya moto ili itoke yote. Tukaweka oili ya pikipiki, akaendesha siku chache, tukamwaga tena, kwa sababu kuna oili inayobaki kwenye kona za injini na kwenye vinyweleo vya pleti zenyewe, na mmwago mmoja hauiondoi yote. Kuna pikipiki ambazo klachi hurudi kushika baada ya hapo, hasa kama mwenyewe aliwahi mapema. Yake ilirudi nusu: kwenye gia za chini ilishika, mlimani iliendelea kuteleza. Tukafungua. Unene wa pleti za msuguano ulikuwa mzuri. Kwenye pikipiki ndogo nyingi pleti mpya huwa na karibu milimita 3, na hizi hazikuwa zimefikia kikomo cha kitabu. Lakini uso wake ulikuwa uking'aa kama kioo, na ukipitisha kucha haikwami popote. Pleti za chuma zilikuwa na madoa ya bluu, alama ya joto kali. Mtu anayepima unene peke yake angezirudisha ndani. Tuliweka pleti mpya, tukaziloweka kwanza kwenye oili sahihi kabla ya kuzifunga, maana pleti kavu huweza kuungua mara ya kwanza tu inapofanya kazi. Zile za chuma tulizilaza juu ya kioo bapa kuona kama zimepinda. Mbili zilipinda, tukazibadilisha.

Tangu hapo kila mteja namwonyesha kitu ninachokitafuta mwenyewe nikishika chupa: herufi JASO. Hilo ni shirika la viwango vya magari la Japani. Oili za magari zilipoanza kuwekwa viambata vya kupunguza msuguano ili kuokoa mafuta, klachi za pikipiki zikaanza kuteleza, na mwaka 1998 ukatoka mfumo wa T 903 kwa oili za pikipiki zenye injini za mipigo minne, zile tunazoziita fostroki. Mfumo huo ulizigawa oili katika makundi mawili. MA ni zenye msuguano wa kutosha kwa klachi inayofanya kazi ndani ya oili. MB ni zenye msuguano mdogo, nazo zinafaa skuta ambazo klachi yake ni kavu na zinaendeshwa kwa mkanda. Mwaka 2006 kundi la MA likagawanywa zaidi, tukapata MA1 na MA2, na MA2 ndiyo yenye msuguano wa juu.

Kipimo chenyewe kinanivutia kwa sababu kinafanana na kazi halisi. Pleti za msuguano na za chuma zinafungwa kwenye mashine, zinamwagiwa oili inayopimwa, kisha zinashikanishwa na kuachanishwa mara nyingi. Wanapima mambo matatu: msuguano wakati pleti bado zinateleza, yaani pale unapoachia klachi taratibu ukianza safari; msuguano wakati zimeshashikana kabisa, yaani pale unapopanda mlima na mzigo; na muda unaopita hadi zisimame. Kwa hiyo herufi hizo mbili zinabeba taarifa kuhusu mkono wako wa kushoto, taarifa ambayo daraja la API haliitoi. Oili inaweza kuwa SN au SP na ikawa bado haifai klachi yako. Inaweza pia kuwa SL, daraja la zamani kidogo, ikawa na MA2, na klachi ikafurahi.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni kama MA2 ni bora kuliko MA kwa kila pikipiki. Kama kitabu cha pikipiki yako kinasema MA, basi MA inatosha, na MA2 nayo inafaa. Ninaichagua MA2 mwenyewe kwa pikipiki zinazobeba mzigo mzito au zinazosimama na kuondoka siku nzima kwenye foleni, kwa sababu klachi hizo huteswa. Ninachokataa kabisa ni kumwekea MB mtu mwenye pikipiki ya gia yenye klachi ya kulowa eti kwa sababu chupa ina picha ya chombo cha magurudumu mawili. Picha hiyo huenda ni ya skuta.

Sasa giaboksi, ambayo watu huisahau kwa kuwa haina leva ya mkononi ya kuihisi. Oili ya 10W-40 mara nyingi hupata unene wake wa moto kwa msaada wa polima, nyuzi ndefu sana za kikemia zinazotanuka oili inapopata joto na kuizuia isiwe maji. Meno ya gia yanapogongana na kubanana, nyuzi hizo zinakatwa. Kwenye gari kazi hiyo hufanyika ndani ya oili nyingine. Kwenye pikipiki inafanyika ndani ya oili ileile ya injini, tena kidogo: injini nyingi ndogo hubeba takriban lita moja, wakati gari dogo hubeba tatu au nne. Oili iliyoingia ikiwa na uzito wa 40 inaweza kushuka ikawa na uzito wa 30 bila rangi yake kukuambia lolote. Kwa kipimo cha SAE, chama cha wahandisi wa magari kilichoweka namba hizi za uzito, oili ya 40 ikiwa nyuzi 100 za selsiasi inapaswa kuwa na mnato wa kuanzia 12.5 hadi chini ya 16.3, na ya 30 kuanzia 9.3 hadi chini ya 12.5. Iliyoanza karibu na mpaka wa chini haina safari ndefu kufika daraja la chini yake.

Dalili ya oili iliyopondwa utaisikia mguuni. Pikipiki iliyotoka kubadilishwa oili, gia inaingia laini na nyutro inapatikana bila kubembelezwa. Baada ya muda mguu unaanza kukutana na ugumu kidogo kutoka ya kwanza kwenda ya pili, kisha mlio wa "kla" unakuwa mkali zaidi, kisha siku moja gia inakataa kuingia na unajikuta nyutro katikati ya gia mbili. Watu wengi hufika kwangu wakisema giaboksi imeharibika. Wakati mwingine imeharibika kweli. Lakini nimeona mara nyingi sana gia ikirudi kuwa laini kwa kumwaga oili tu, na mteja akaondoka bila injini kufunguliwa. Ninapolinganisha oili mbili, kwa hiyo, siangalii jinsi gia inavyoingia siku ya kwanza, maana siku ya kwanza karibu kila oili ni tamu. Naangalia ni ipi inayobaki laini inapokaribia muda wa kubadilishwa. Hapo ndipo oili iliyotengenezwa kuvumilia gia inapojitofautisha.

Jambo jingine ambalo oili ya pikipiki hulibeba kwa ajili ya gia ni zinki na fosforasi, kinga inayotanda juu ya chuma pale ambapo oili imebanwa hadi ikakaribia kutoweka, mfano kati ya meno mawili ya gia. Oili za kisasa za magari zimepunguziwa fosforasi ili kulinda kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi. JASO inataka oili ya pikipiki iwe na fosforasi kati ya asilimia 0.08 na 0.12, yaani imewekewa hadi sakafu ambayo isishuke chini yake.

Kuhusu namba ya uzito, kitabu cha pikipiki ndicho bwana. Honda, kwa mfano, wanapendekeza 10W-30 yenye alama ya MA kwa pikipiki zao nyingi, na nimekutana na wamiliki wanaoshtuka wakidhani ni nyepesi mno. Si nyepesi kwa injini iliyoundwa kwa ajili yake. Anayeongeza uzito kiholela, akaweka 20W-50 kwenye injini iliyotakiwa 10W-30, atakuta asubuhi pleti zimenatana: anabana klachi, anaingiza gia ya kwanza, na pikipiki inaruka mbele kana kwamba hajabana. Nyutro nayo inakuwa ngumu kupatikana akiwa amesimama. Baada ya injini kupata moto hali hutulia, na mwenyewe anadhani tatizo limejiponya, hadi kesho yake asubuhi. Upande wa pili, kwenye joto kali na injini ya kupozwa kwa upepo inayobeba mzigo, vitabu vingi vyenyewe vina jedwali linaloruhusu uzito mkubwa zaidi. Hilo jedwali ni la kusoma.

Na sintetiki? Nimesikia mara nyingi kwamba oili ya sintetiki inatelezesha klachi. Sikubaliani. Kinachotelezesha klachi ni viambata, na viambata vinaweza kuwekwa kwenye oili ya aina yoyote. Sintetiki yenye MA2 inashika vizuri, na uzuri wake mkubwa ni kwamba huhitaji polima chache kupata upana uleule wa uzito, kwa hiyo gia zina kidogo cha kukata. Kama klachi ilianza kuteleza mara tu baada ya kuweka sintetiki yenye alama sahihi, mimi huangalia klachi yenyewe, kwa sababu huenda ilikuwa imefika ukingoni.

Hapo niseme jambo la haki kwa oili: isilaumiwe kwa kila kitu. Kabla sijamwaga chochote nashika leva ya klachi na kupima mchezo wake. Kwa pikipiki nyingi ndogo, ncha ya leva inatakiwa kucheza kama milimita 10 hadi 20 kabla ya kuanza kuvuta. Kebo iliyokazwa mno inaziacha pleti zikiwa zimeachana kidogo muda wote, nazo zitateleza hata kwenye oili bora duniani. Kebo iliyolegea mno inafanya gia zigombe, na mtu ataapa kwamba oili ni mbaya. Kisha kuna springi zilizochoka na kufupika, na kuna ngoma ya klachi ambayo kingo zake zimechimbwa vijishimo na masikio ya pleti, hivyo klachi inashika kwa mikurupuko. Hakuna chupa inayojaza vijishimo hivyo. Ni jambo la kusikitisha kumuona mtu akihama kutoka oili hadi oili wakati kilichohitajika ni spana namba kumi na dakika chache kwenye kebo.

Nisisitize pia kwamba si kila pikipiki inatumia oili moja kwa kila kitu. Harley-Davidson kubwa zina oili ya injini, oili ya sehemu ya klachi na oili ya giaboksi, kila moja na tundu lake la kumwagia. BMW za injini ya boksa, yaani zenye silinda mbili zilizolala kulia na kushoto, kwa miaka mingi zilikuwa na klachi kavu na giaboksi yenye oili yake. Pikipiki za mipigo miwili, tustroki, huchoma oili yao pamoja na petroli, huku klachi na gia zikilindwa na oili nyingine kabisa chini yake. Oili ya kuchanganya na petroli, hata iwe na alama ya JASO FD ambayo ni ya juu kwa kazi hiyo, haina kazi kwenye giaboksi. Weka kile kitabu kinachokitaja, iwe oili ya injini yenye MA au oili ya gia ya uzito uliotajwa. Na namba za oili za gia zisikutishe, zinafuata kipimo kingine. Oili ya gia ya 80W inakaribiana na oili nyepesi ya injini zikiwa za moto, ingawa kwa jicho la haraka 80 inaonekana kama lami. Angalia tu usichukue GL-5, daraja la oili ya gia ya difu za magari, kwa mazoea. Viambata vyake vya kuhimili mgandamizo mkubwa vinaweza kuzila sehemu za shaba na shaba nyeupe, na havikuundwa vikifikiria klachi.

Vichupa vya kuongezea kwenye oili, vile vinavyoahidi kumaliza msuguano, sivitumii kwenye pikipiki yenye klachi ya kulowa. Ahadi yenyewe inatosha kuniambia nisivitumie.

Mtu anayenunua chupa namshauri atafute kisanduku cha JASO chenye namba ya usajili na herufi za daraja. Chupa inayosema kwa maneno tu kwamba "inafaa pikipiki zote" haijamwambia kitu. Angalia kizibo na muhuri wake. Mimi pia humimina kidogo kwenye chombo safi kabla ya kuweka yote: oili mpya haina vijiwe wala harufu ya kuungua.

Na ukikwama njiani, kijiti cha oili kikaonyesha chini ya alama na hakuna MA karibu, usiendelee kuendesha injini ikiwa kavu ukisubiri oili kamili. Injini iliyokosa oili hufa haraka kuliko klachi iliyopata oili isiyo yake. Tafuta oili ya injini ya 10W-40, 15W-40 au 20W-50 ambayo ukingo wa chini wa duara la API hauna maneno yale ya kuokoa mafuta. Baadhi ya oili za injini za dizeli za 15W-40 zina hata JASO MA kwenye chupa, hivyo zisome nazo. Ongeza kiasi cha kufikia alama tu, usizidishe, endesha kwa upole bila kuachia klachi nusunusu, na ukifika umwage yote uweke ile ya kitabu.